Je, Didier Drogba Alisimamisha Vita vya Côte d'Ivoire?

Swali la msomaji: Mimi ni mwalimu wa historia. Darasani kwangu kumezuka ubishi kuhusu mwanasoka Didier Drogba. Baadhi ya wanafunzi wanasema alisimamisha vita vya nchi yake kwa maneno ya dakika moja, wengine wanasema hizo ni hadithi tu. Wapo pia wanaodai kwamba hospitali aliyoiahidi haikujengwa kamwe. Tena, kama alipendwa kiasi hicho, ilikuwaje akashindwa vibaya katika uchaguzi wa shirikisho la soka la nchi yake? Naomba jibu ninaloweza kulisimamia mbele ya darasa.

Mwalimu, nakushukuru kwa kuuliza kwa uangalifu, kwa sababu umegusa mambo matatu ambayo watu huyachanganya na kuyapa jibu moja. Nianze na jibu fupi la lile la kwanza: hapana, Drogba hakusimamisha vita. Alichokifanya ni kitu kingine, na kwa maoni yangu kinapendeza zaidi kikisimuliwa kama kilivyotokea kuliko kinavyosimuliwa na wanaokitia chumvi. Naomba univumilie nieleze kwa kirefu, maana wanafunzi wako hawataridhika na neno "hapana" peke yake.

Hatuwezi kuelewa maneno ya Drogba bila kuelewa vita vyenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 19 Septemba 2002 wanajeshi walioasi walishambulia Abidjan na miji mingine kadhaa. Abidjan iliwashinda, lakini nusu nzima ya kaskazini ya nchi iliangukia mikononi mwao, nao wakaufanya mji wa Bouaké, ulio katikati ya nchi, kuwa makao yao. Kusini kulibaki chini ya Rais Laurent Gbagbo. Sababu zilikuwa nyingi, ila iliyochoma zaidi ilikuwa suala la nani ni mwananchi halisi. Tangu miaka ya 1990 wanasiasa walikuwa wameeneza fikra iliyoitwa ivoirité, iliyowagawa watu kati ya wenye asili ya nchi na wanaodhaniwa kuwa wageni. Mtu mwenye jina la kaskazini aliweza kuwa amezaliwa nchini na kulima kakao nchini maisha yake yote, na bado akatiliwa shaka kila alipotoa kitambulisho chake barabarani. Alassane Ouattara, aliyekuwa waziri mkuu, alizuiwa kugombea urais mwaka 2000 kwa hoja hiyohiyo ya asili ya wazazi wake. Sisitiza jambo hili darasani, kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini timu ya mpira ilikuja kubeba maana kubwa kuliko mpira.

Sasa tazama tarehe zinavyofuatana. Mapatano ya Linas-Marcoussis, nchini Ufaransa, yalitiwa saini Januari 2003, na kabla ya mwaka huo kufika katikati pande zote mbili zilikuwa zimekubali kusitisha mapigano. Novemba 2004 ndege za serikali ziliushambulia tena mji wa Bouaké, askari tisa wa Ufaransa wakauawa, na Ufaransa ikajibu kwa kuziharibu ndege za kivita za Côte d'Ivoire. Baada ya hapo mstari uliogawa nchi ulitulia, ukilindwa na askari wa Umoja wa Mataifa pamoja na wa Ufaransa. Kwa hiyo Oktoba 2005, Drogba alipozungumza, Côte d'Ivoire ilikuwa nchi iliyokatwa vipande viwili, yenye vizuizi vya barabarani, bunduki nyingi na chuki nyingi zaidi, lakini bunduki hizo kwa sehemu kubwa zilikuwa kimya. Dai kwamba aliongea na mapigano yakakoma ndani ya wiki moja linasahau kwamba mapigano makubwa yalikuwa yamekwisha kukoma. Kilichokuwa bado hakijakoma ni uhasama, na hapo ndipo alipoelekeza maneno yake.

Siku yenyewe ilikuwa tarehe 8 Oktoba 2005, mjini Omdurman, Sudan. Côte d'Ivoire iliifunga Sudan mabao 3 kwa 1, huku ikisubiri matokeo ya Yaoundé, ambako Cameroon ilikuwa ikicheza na Misri. Cameroon ilihitaji ushindi. Mchezo ukiwa 1 kwa 1 na muda wa kawaida umekwisha, Cameroon ikapata penalti, Pierre Womé akaupiga mkwaju, mpira ukagonga mwamba. Kwa mwamba huo Côte d'Ivoire ilifuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza katika historia yake. Katika chumba cha kubadilishia nguo, mbele ya kamera ya televisheni, wachezaji walijikusanya, Drogba akashika kipaza sauti na kuwaambia wananchi wa pande zote za nchi kwamba wachezaji hao wamethibitisha kuwa watu wa asili mbalimbali wanaweza kuishi pamoja na kulenga shabaha moja. Kisha wote wakapiga magoti. Wakaomba watu wasameheane, silaha ziwekwe chini, na uchaguzi ufanyike.

Mimi hupenda kuwaomba wanaoitazama picha ile wawaangalie zaidi watu walio kando ya Drogba. Yeye mwenyewe ni Mbété, yaani kabila moja na Rais Gbagbo. Katika kikosi hichohicho alikuwamo Kolo Touré, mzaliwa wa Bouaké, ngome ya waasi, mwenye jina ambalo kwenye kizuizi cha kusini lingetosha kumtia mashakani. Kolo Touré, Didier Zokora na Aruna Dindane walikuwa wamelelewa katika chuo kimoja cha soka cha klabu ya ASEC mjini Abidjan, kilichoanzishwa na Jean-Marc Guillou, ambako vijana wa kila pembe ya nchi walilala bweni moja na kula pamoja kwa miaka. Umoja ule haukuzaliwa mbele ya kamera. Ulikuwa na historia ya zaidi ya miaka kumi, na Drogba, ambaye hakupitia chuo hicho, alipewa heshima ya kuutamkia maneno.

Kwa nini yeye? Hapa maisha yake yanasaidia kueleza. Alizaliwa Abidjan tarehe 11 Machi 1978, na akiwa na umri wa miaka mitano wazazi wake walimpeleka Ufaransa kuishi na jamaa wa familia, Michel Goba, aliyekuwa mchezaji wa kulipwa huko. Mtoto alilia kwa kuwakumbuka wazazi, akarudishwa nyumbani baada ya miaka michache, kisha akapelekwa tena maisha yalipokuwa magumu. Alikua akihamahama mji mmoja hadi mwingine kwa kufuata klabu za mlezi wake, na soka yake ilichelewa kuiva: alifikisha miaka 21 ndipo akapata mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, katika klabu ya Le Mans. Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. Alipita Guingamp, akang'ara kwa msimu mmoja Marseille, na mwaka 2004 Chelsea ikamnunua kwa pauni milioni 24. Sitakaa sana kwenye mafanikio yake ya London, kwani wanafunzi wako bila shaka wanayajua: mataji manne ya Ligi Kuu ya Uingereza, ufungaji bora mara mbili, na usiku wa tarehe 19 Mei 2012 mjini Munich aliposawazisha kwa kichwa katika dakika ya 88 na kisha kupiga penalti iliyoipa Chelsea kombe lake la kwanza la Ligi ya Mabingwa. Kwa hoja yetu, jambo la maana ni kwamba mtu huyu hakulelewa ndani ya ugomvi wa kusini na kaskazini. Ughaibuni alikuwa Mwafrika tu, mtoto wa Côte d'Ivoire tu, na nyumbani alipendwa kotekote kwa sababu mabao hayana ukoo.

Je, ombi la Omdurman lilizaa nini? Matokeo ya kisiasa ya papo kwa papo hayakuwapo. Uchaguzi wa rais uliopangwa kufanyika tarehe 30 Oktoba 2005, wiki tatu tu baada ya ombi lile, haukufanyika, na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliridhia Gbagbo abaki madarakani kwa kipindi cha ziada. Nchi ilikaa imegawanyika kwa zaidi ya mwaka mwingine. Mwafaka uliobadilisha hali ulitiwa saini Ouagadougou tarehe 4 Machi 2007, baina ya Gbagbo na kiongozi wa waasi Guillaume Soro, kwa usuluhishi wa Rais Blaise Compaoré wa Burkina Faso, na Soro akawa waziri mkuu. Ukimpa Drogba sifa ya kusimamisha vita, unawapokonya sifa hiyo watu waliokaa mezani kwa miaka, pamoja na wananchi waliochoka na kuwashinikiza.

Hata hivyo, mwalimu, usiwaruhusu wale wanafunzi wanaosema "hadithi tu" waondoke wakidhani wameshinda ubishi. Kitendo chake kikubwa zaidi kwa amani, na kisichosimuliwa vya kutosha, kilikuja baada ya mwafaka. Machi 2007 alitawazwa kuwa Mchezaji Bora wa Afrika kwa mwaka 2006, na majuma machache baadaye akaipeleka tuzo hiyo Bouaké, kwa watu ambao kwa karibu miaka mitano walihesabiwa kuwa upande wa adui. Akiwa huko, ikatangazwa kwamba mechi ya kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika dhidi ya Madagascar itachezwa papo hapo Bouaké badala ya Abidjan. Mechi hiyo ilichezwa tarehe 3 Juni 2007. Côte d'Ivoire ilishinda mabao 5 kwa 0, na bao la tano likafungwa na Drogba mwenyewe. Uwanjani walikuwamo askari wa serikali na wapiganaji wa zamani wa uasi, wakiuimba wimbo mmoja wa taifa. Ili upime uzito wa siku ile, kumbuka kwamba Rais Gbagbo mwenyewe hakufika Bouaké hadi tarehe 30 Julai mwaka huo, siku silaha zilipochomwa moto hadharani katika sherehe ya Mwali wa Amani. Timu ya taifa ilimtangulia rais wa nchi kwa karibu miezi miwili.

Hapo ndipo naona kazi halisi ya mwanamichezo katika jambo kama hili. Mapatano hutiwa saini na watu wachache ndani ya ukumbi, na mwananchi wa kawaida aliyefiwa na ndugu hana sababu ya kuyaamini hadi ayaone yakitembea. Mechi ya Bouaké ilimpa mwananchi wa kusini sababu ya kusafiri kwenda kaskazini bila hofu, na mwananchi wa kaskazini sababu ya kuamini kwamba nchi inamtaka. Drogba aliyatembeza mapatano. Hilo linathibitika, na linatosha.

Wala tusifiche kwamba amani ile ilikuwa dhaifu. Tarehe 29 Juni 2007, wiki chache tu baada ya mechi, ndege iliyombeba Waziri Mkuu Soro ilishambuliwa kwa makombora katika uwanja wa ndege wa Bouaké huohuo, na watu wanne wakafa. Uchaguzi ulipofanyika hatimaye mwishoni mwa mwaka 2010, Gbagbo alikataa kushindwa na Ouattara, vita vikarudi, na takriban watu 3,000 wakapoteza maisha kabla ya Gbagbo kukamatwa tarehe 11 Aprili 2011. Baadaye mwaka huo iliundwa Tume ya Mazungumzo, Ukweli na Maridhiano, ikiongozwa na Charles Konan Banny, na Drogba akateuliwa kuwa mmoja wa wajumbe wake 11, akiwakilisha wananchi waishio ughaibuni. Mtu aliyesimamisha vita asingehitaji kuitwa katika tume ya vita vingine miaka sita baadaye, na hoja hiyo wanafunzi wako wataielewa mara moja.

Nije sasa kwenye hospitali, ambako ukweli unahitaji subira zaidi. Mwaka 2007 Drogba alianzisha wakfu wenye jina lake, ukilenga afya na elimu, na mwaka huohuo akawa Balozi Mwema wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Mwaka 2009 alitangaza kwamba malipo ya pauni milioni 3 aliyopata kwa kutangaza kinywaji cha Pepsi atayatoa yote ili hospitali ijengwe Abidjan. Ahadi hiyo ilisikika duniani kote, lakini ujenzi ulikwenda polepole mno. Vita vya 2010 na 2011 vilikuja katikati, mipango ikabadilika, miaka ikapita.

Mwaka 2016 gazeti moja la Uingereza lilidai kwamba sehemu ndogo sana ya fedha zilizochangwa huko ndiyo iliyofika Afrika. Drogba alikanusha vikali. Tume inayosimamia mashirika ya hisani ya Uingereza na Wales ilichunguza, na mwishoni mwa mwaka huo ikatoa matokeo yenye pande mbili, ambazo nakuomba uzisome zote mbili darasani. Upande wa kwanza, haikukuta ulaghai wala ufisadi. Upande wa pili, ilieleza kwamba wachangiaji waliweza kupotoshwa, kwa kuwa fedha zilizokusanywa Uingereza zilikuwa zimelimbikizwa benki, ilhali miradi iliyotangazwa iligharimiwa na Drogba kutoka mfukoni mwake. Ni jambo la ajabu kidogo, mtu kulaumiwa huku akiwa ametoa fedha zake mwenyewe, lakini mimi naona tume ilikuwa na haki. Anayechanga shilingi yake anastahili kuambiwa shilingi hiyo iko wapi, hata kama mwenye wakfu ni mkarimu kiasi gani.

Je, jengo lipo? Lipo. Limesimama Attécoubé, mojawapo ya wilaya za Abidjan, nalo limepewa jina la Laurent Pokou, mshambuliaji aliyeifungia Côte d'Ivoire mabao 5 katika mechi moja dhidi ya Ethiopia kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 1970. Nalisifu jina hilo: Drogba angeweza kuliandika lake. Aprili 2020, janga la korona lilipoingia, wakfu ulilitoa jengo hilo litumike kuhudumia wagonjwa, nalo wakati huo lilikuwa bado halijaanza kazi yake ya kawaida, zaidi ya miaka kumi baada ya ahadi. Kwa hiyo anayesema haikujengwa amekosea, na anayesema Drogba alitoa fedha na mara hospitali ikawapo naye amekosea. Ugumu wa hospitali hauishii kwenye kuta na paa. Inataka madaktari, wauguzi, dawa, vibali na bajeti ya kila mwaka, na mambo hayo hayanunuliwi kwa hundi ya siku moja. Shule ni nyepesi zaidi kwa upande huo, na pengine ndiyo sababu mradi wa shule ya msingi aliyoifungua Januari 2018 katika kijiji cha Pokou-Kouamékro, karibu na Gagnoa, kwenye ukanda wa wakulima wa kakao, haukukumbana na misukosuko ya namna hiyo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani nalo lilimteua kuwa balozi wake wa michezo na afya.

Lililobaki ni uchaguzi wa shirikisho, na hili nitalieleza kwa ufupi kwa sababu halina fumbo kubwa. Aliponuia kugombea kwa mara ya kwanza, mwaka 2020, jina lake lilikatwa na kamati ya uchaguzi kwa kukosa wadhamini wa kutosha, jambo lililozua malalamiko hadi FIFA ikaingilia na kuweka kamati ya muda. Uchaguzi ukafanyika Yamoussoukro tarehe 23 Aprili 2022. Katika duru ya kwanza Drogba alipata kura 21, Idriss Diallo 59 na Sory Diabaté 50, hivyo akatolewa hapohapo, na Diallo akashinda duru ya pili kwa kura 63 dhidi ya 61.

Angalia idadi hizo vizuri. Waliopiga kura hawakuzidi watu 140 katika taifa la mamilioni. Shabiki aliyebeba picha ya Drogba barabarani hakuwa na kura, kwa kuwa wapigakura ni wajumbe wa klabu za daraja mbalimbali na wa makundi machache yenye masilahi katika soka, kama vile waamuzi na wachezaji wa zamani. Mjumbe wa klabu ndogo ana deni la mishahara, hana uwanja wa mazoezi, na humchagua mtu aliyekuwa naye miaka yote akimpigia simu na kumtatulia shida. Diallo na Diabaté walikuwa wamekaa ndani ya uongozi wa soka ya nchi hiyo kwa muda mrefu, ilhali Drogba alikuwa ametumia muda huo huo London, Shanghai, Istanbul, Montreal na Phoenix, hadi alipostaafu mwaka 2018. Hata chama cha wachezaji wenzake hakikumuunga mkono mwaka 2020, na naamini hilo lilimuuma kuliko hesabu yoyote ya kura. Baadhi ya wanafunzi wako watasema wajumbe walikosa shukrani. Waulize kama mjumbe aliyetumwa na klabu kutetea masilahi ya klabu anapaswa kupiga kura ya shukrani, kisha waache wabishane juu ya hilo, kwa sababu kwenye swali hilo kuna hoja nzuri pande zote mbili.